Barua ya wazi: tarehe ya bango na tarehe ya zege

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya ujenzi, mipango na fedha katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Mimi ni msimamizi wa saiti mstaafu, mwenyeji wa Wete. Nimesimamia zege, nondo na watu kwa miaka ishirini na mbili, Unguja na Pemba, na kila siku ya kazi niliiandika kwenye daftari: nani kaja, nani hakuja, tipa ngapi za mchanga zimeingia, mvua imeanza saa ngapi, kijiko cha kuchimbia na kupakia kimelala kwa sababu gani. Ninayo madaftari kumi na saba. Miaka yote hiyo hakutokea mtu hata mmoja wa kuniomba nimfungulie ukurasa. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, binti aliyesoma Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni, aliyafungua yeye mwenyewe bila ya kuniomba, na aliyonionesha ndiyo yaliyonikalisha kuandika barua hii, kuwaombeni miradi yetu ijaribiwe ndani ya kompyuta kabla ya kujengwa.

Nianze na bango. Kila mradi una bango lake pembeni ya barabara: jina la mradi, mkandarasi, mshauri elekezi, fedha zimetoka wapi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Hiyo tarehe ya kumaliza, Waheshimiwa, sisi wa saiti tunajua inatoka wapi. Mara nyingi haitoki kwenye kazi, inatoka kwenye kalenda. Tarehe 12 Januari ni siku ya Mapinduzi, na siku za kabla yake ndizo za shamrashamra: majengo hufunguliwa, utepe hukatwa, hotuba husomwa. Sina ugomvi na sherehe. Mimi mwenyewe nimesimama mstari wa mbele na shati jipya zaidi ya mara moja. Lakini hebu hesabuni kurudi nyuma kutoka 12 Januari. Miezi mitatu ya mwisho ya mradi, ile ya kupiga plasta ya nje, kumwaga lami na kusawazisha uwanja, ni Oktoba, Novemba na Disemba. Hiyo ndiyo vuli. Tunapanga kumalizia kazi mvuani, kisha kwenye ripoti tunaandika "mvua zisizotarajiwa". Vuli haitarajiwi na nani?

Sasa nielezee skuli moja. Mwaka sitautaja, mkandarasi niliyemtumikia naye simtaji, kwani kosa lenyewe nina sehemu yangu ndani yake. Ilikuwa skuli ya ghorofa moja kaskazini ya Pemba. Ofisini kwetu, kibanda cha mabati, ilibandikwa chati ya mistari, ile ambayo Henry Gantt aliipa umaarufu Marekani katika miaka ya 1910: kila kazi mstari wake, mstari ukiisha mwengine unaanza. Chati ilisema slabu, yaani dari ya zege, imwagwe mwanzo wa Oktoba. Nondo zilifika, tukazisuka. Mashine ya zege tuliyoikodi kwa siku ilifika, ikasimama siku tisa, kwa sababu saruji ilikuwa ndani ya meli, na meli ilikuwa kwenye foleni nje ya bandari ya Malindi. Saruji ilipovuka hadi Pemba, vibarua hawakuwepo. Karafuu zilizaa vizuri mwaka ule, na kijana mwenye akili zake hawezi kubeba karai la zege wakati mikarafuu inamwita. Siwalaumu. Walipoteremka mikarafuuni, vuli ikaingia.

Tukaja kumwaga slabu Novemba imeshakolea. Zege, kama mnavyoelezwa na wahandisi wenu, hutegemewa kufikia nguvu yake ya hesabu siku ya 28. Siku ya saba huwa limefika kama theluthi mbili. Lakini 12 Januari ilikuwa inakuja, na chini ya slabu palitakiwa plasta, umeme, rangi na madirisha, na huwezi kupiga plasta katikati ya msitu wa miti ya kuegemezea. Siku ya tisa bosi alisema miti iondolewe. Nilikuwa msimamizi, najua ninachokijua, nikakaa kimya. Miti ikaondolewa. Slabu haikuanguka, alhamdulillah. Ilipata ufa mwembamba katikati ya darasa la pili kutoka ngazini, na mhandisi aliyekuja kuutizama baadaye alisema hauna hatari. Watoto wanasoma chini yake mpaka leo. Mimi kila nikiingia pale jicho langu huenda kwenye dari kabla sijamsalimu mwalimu.

Daftari la mwaka ule ndilo alilolianza mtoto wa dada yangu. Akalisoma kimya, kisha akaniuliza, "Mjomba, kwani nyinyi mlitegemea vitu vinne vije siku moja?"

Nikamwambia ndiyo, nondo, saruji, mashine na watu, na kila mmoja alituahidi.

"Na kila mmoja ahadi yake huwa ya kweli kiasi gani?"

Nikafikiri kwa haki, nisimdhulumu mtu. Nikasema siku nne katika tano. Kwa visiwa vyetu hiyo ni sifa kubwa.

Akachukua kalamu. Nne ya tano, mara nne ya tano, mara nne ya tano, mara nne ya tano. Jawabu ni 0.41. Yaani hata kama kila mmoja wetu ni mwaminifu siku nne katika tano, siku ambayo wote wanne wamefika ni chini ya nusu. Ongeza kitu cha tano, tuseme kibali cha mchanga, unashuka hadi kama theluthi moja. Sikumwamini. Basi tukakaa barazani, nikavua kofia yangu, tukatia ndani vikaratasi vitano, vinne vimeandikwa "kaja" na kimoja "hakuja", tukawa tunachomoa mara nne kwa kila siku ya kubuni na kurudisha. Magharibi ikatukuta tumefanya siku hamsini. Siku zilizokubali kumwagwa zege hazikufika nusu. Chati yetu ya mistari, iliyopigwa muhuri na kutiwa saini, ilikuwa na upofu mmoja tu: ilidhani kofia haina karatasi ya "hakuja".

Kile tulichokifanya kwa kofia ndicho ninachokuja kuwaombeni, isipokuwa kompyuta haichoki. Wenyewe huita simulesheni, Kiswahili chake ni uigaji. Unaujenga mradi mzima ndani ya kompyuta kabla ya kuchimba shimo la kwanza: kila kazi, kila gari, kila genge la mafundi, na kwa kila kimoja huandiki muda mmoja bali unaandika kikienda vizuri huchukua muda gani, kwa kawaida muda gani, na kikienda vibaya muda gani. Kisha kompyuta inachomoa vikaratasi, inajenga mradi hadi mwisho, inaandika tarehe, inaubomoa na kuanza upya. Mara elfu moja, mara elfu kumi. Mwisho wake hupati tarehe moja, unapata lundo la tarehe, na unaweza kuona wapi zimejaa na wapi zimetawanyika.

Si jambo jipya wala la anasa. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark, alikuwa akizikokotoa foleni za simu za Copenhagen mwaka 1909. Kuchomoa bahati kwa kompyuta kulianza kwa wanahisabati Stanislaw Ulam na John von Neumann kule Los Alamos, Marekani, katika miaka ya 1940, kwa kazi za mabomu, na njia hiyo ikapewa jina la Monte Carlo, mji wa kamari. Kwa upande wetu sisi wajenzi, Daniel Halpin alitengeneza katika miaka ya 1970 mfumo ulioitwa CYCLONE, ambao ndani yake kila mashine ya saiti ama inafanya kazi ama imesimama inangoja. Hicho kipengele cha kungoja ndicho kinachokosekana kwenye chati zetu zote. Baadaye Julio Martinez wa Chuo Kikuu cha Michigan akatengeneza mfumo wake, na Simaan AbouRizk wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na wenzake wakatengeneza programu ya Simphony, na uigaji wao ukatumika kwenye mahandaki ya maji ya mji wa Edmonton. Siku hizi zipo programu za bure kabisa, na kompyuta ya mapajani ya kawaida inatosha.

Nitoe mfano mmoja wa saiti, kwa sababu najua wahasibu wenu wanapenda nambari. Kijiko kimoja kinapakia kifusi, kila tipa dakika tano. Tipa linakwenda, linamwaga, linarudi kwa dakika ishirini na tano. Mzunguko dakika thelathini, kwa hiyo tipa sita zinatosha barabara: kijiko hakipumziki, tipa hazingoji, safari kumi na mbili kwa saa, 96 kwa siku ya saa nane. Ndivyo zabuni inavyoandikwa na ndivyo inavyolipwa. Lakini nyakati hizo ni za wastani tu. Tipa moja limekwama nyuma ya gari la ng'ombe, jengine dereva kasimama kununua urojo, kijiko kimekutana na jiwe. Mara tipa nne zimepanga foleni, mara kijiko kiko peke yake kinatizama njia. Ukiziachia nyakati ziyumbe sana, kama zinavyoyumba kwenye njia za shamba, safari 96 zinakuwa kama 78 tu. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyelala. Foleni ndiyo iliyozila.

Mkandarasi akiona hivyo hukimbilia kuongeza tipa. Tipa sita za mwanzo kila moja lilileta safari kumi na tatu. La saba linaongeza kama saba tu, la nane kama tano, na bado 96 hamzioni. Kodi ya tipa la nane ni ileile ya tipa la kwanza. Wanangu wa saiti walikuwa wakiniambia, "Mzee, hapa dawa ni kijiko cha pili," na mimi nikiwajibu bajeti haina kijiko cha pili. Laiti ningekuwa na jioni moja ya kompyuta ningejua ni nani kati yetu mwenye haki.

Tafadhalini msinichanganye na zile sinema. Najua mnaoneshwa kwenye maukumbi jengo refu la kioo, minazi pembeni, watu weupe na weusi wanapita na mikoba, ndege anaruka. Ile nayo inatoka kwenye kompyuta, na wengine wanadhani mradi umeshapangwa kwa kompyuta. Ile ni picha ya siku ya mwisho. Mawingu yake hayana tone la mvua, na bandari yake haina meli inayongoja. Wala sizungumzii hesabu za uimara wa jengo. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha, kila baraza la Mji Mkongwe lina mhandisi wake, na mimi sitaki kuwa mmoja wao. Naongelea mfuatano wa kazi na kungojana tu.

Na kungojana kwetu hakufanani na kwa mahala pengine, ndiyo maana sisi tunahitaji uigaji kuliko wale wenye reli na viwanda mlangoni. Saruji yetu na nondo zetu huvuka bahari, na zikija Pemba mara nyingi huvuka mara mbili. Kusi ikivuma, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, vyombo havitoki, na hiyo ni sawa. Ni nani Zanzibar hii atakayesema chombo kitoke? Mchanga wetu ni wa kisiwa, unakwisha, na unachimbwa kwa vibali. Ukichelewa, wapo wanaochungulia ufukweni, na chumvi ya mchanga ule huzila nondo kimyakimya kwa miaka. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mpango uliofaa mwaka fulani unaingia katikati ya futari baada ya miaka mitatu. Karafuu nimeshazisema. Ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, tipa haliingii: mzigo unashushwa barabarani, hamali na gari lake wanaupeleka kichochoro kwa kichochoro, na Ijumaa mchana hakuna anayesukuma. Nilipata kusimamia ukarabati wa nyumba moja huko. Tulikuwa na mafundi wa chokaa kumi na wawili na mahamali wawili, na mafundi kumi walishinda wamekaa kwenye ngazi wakinisubiri mimi nisubiri mahamali. Kila kitu kati ya hivi kinaweza kuandikwa ndani ya programu. Chati ya mistari haina pahala pa kukiandika.

Mtaniuliza kama kompyuta haiwezi kusema uongo. Inaweza, na vizuri sana. Ukiilisha ahadi za wauzaji itakurudishia ahadi za wauzaji zimepambwa rangi. Mkandarasi mjanja atatia nambari za kumfurahisha bwana, mshauri elekezi mvivu atachukua nambari za Dubai, na ripoti itakuwa nene na nzuri. Kinga yake ni moja tu, nayo ni kumbukumbu za hapa hapa: tipa la Donge lilichukua dakika ngapi, meli ilingoja siku ngapi, Novemba kulikuwa na siku ngapi za mvua Chake Chake. Mvua zinaandikwa na watu wa hali ya hewa. Meli zinaandikwa bandarini. Ya saiti yamo kwenye madaftari ya watu kama mimi, na mradi ukikabidhiwa madaftari hayo hufungiwa vitumbua. Sifanyi mzaha, moja langu lilikwenda hivyo, ndiyo maana ninayo kumi na saba na si kumi na nane.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ndilo rahisi kuliko yote: mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka akabidhi nakala ya daftari la saiti, na nakala hizo zipelekwe Taasisi ya Karume Mbweni na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vijana wazigeuze nambari. Hapatakiwi hata shilingi ya programu. Na nakuombeni sana, jambo hili lisianze kwa safari ya mafunzo nje ya nchi.

La pili, kabla ya kutia saini, mradi uigwe kwa nambari hizo, na Wizara isipokee tarehe moja. Ipokee mbili: ile ambayo kuifikia na kutoifikia ni sawa na kurusha shilingi, na ile ambayo katika mara kumi utaifikia tisa. Ya kwanza mkandarasi aitumie kujihimiza. Ya pili ndiyo iandikwe kwenye bango. Najua itakuwa mbali na haitapendeza kwenye hotuba. Lakini mwananchi anayepita kila siku mbele ya bango lililokufa mwaka juzi, naye ana macho.

Anzeni na kitu kidogo. Msianze na bandari wala uwanja wa ndege. Chukueni skuli moja au kituo cha afya kimoja Pemba, ambako bahari, karafuu na mvua zote zipo na hasara ikitokea ni ndogo. Kikiisha, linganisheni daftari na kompyuta, muone ilikosea wapi. Itakosea. Mara ya pili itakosea kidogo.

Na kuhusu 12 Januari nina wazo, mnisamehe kama ni la kijijini. Iwe siku ya kuanza. Jiwe la msingi liwekwe siku hiyo, ngoma zipigwe, na kesho yake asubuhi tuchimbe. Januari na Februari ardhi ni kavu, kaskazi inavuma, na msingi utakuwa umeshatoka ardhini kabla ya masika kuingia mwezi wa Machi. Tumekuwa tukiitumia siku hiyo upande wake mbaya.

Madaftari yangu yamo kwenye sanduku la bati chumbani kwangu, Wete. Nayatoa bure kwa yeyote mtakayemtuma, kwa sharti kwamba atie saini kuyapokea na anirudishie lile la skuli. Aje kabla ya masika, kwani paa langu linavuja, na fundi aliniahidi tangu mfungo mosi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msimamizi wa saiti mstaafu,
Wete, Pemba